Nilichojifunza nikikusanya sahihi Tucson

Watu wengi niliowasimamisha kiangazi kile cha 2021, nikiomba sahihi za kupinga punguzo la kodi ili shule zisikose pesa, hawakuniuliza habari za shule. Waliniuliza: "Kwani wewe hutaki kodi ipungue?" Ni swali la haki. Nani anapenda kukatwa? Hata mimi nikipokea mshahara macho hukimbilia kwanza kwenye makato, kisha ndipo nitazame kilichobaki.

Naishi Tucson, kusini mwa Arizona, Marekani. Nilizaliwa upande wa Fizi, Kivu Kusini, nikakulia kambi ya Nyarugusu huko Kasulu, nikaja huku kwa mpango wa wakimbizi kama Wakongo na Warundi wengi wa mji huu. Kazi yangu ni usaidizi wa darasa katika shule ya umma, na watoto wangu wote wanasoma shule za umma. Naandika kwa sababu ndugu walio majimbo mengine wananipigia simu: kwao nako kodi ya mapato inashushwa, shule zinaanza kubana matumizi, na wanataka kujua mtu asiye na jina wala pesa anaweza kufanya nini. Nitasema niliyoyaona. Mengine yanakatisha tamaa, ila afadhali uyajue mapema.

Mambo yalianza kabla yangu. Arizona imekuwa ikipunguza kodi karibu kila mwaka tangu miaka ya 1990, na mdororo wa 2008 ulipoingia, shule zilikatwa vibaya na hazikurudishiwa upesi. Aprili 2018 walimu wakavaa fulana nyekundu wakagoma kwa siku sita za masomo. Gavana wa wakati huo, Doug Ducey, alikuwa ameahidi nyongeza ya mishahara ya asilimia 20 kufikia 2020. Kisha Novemba 2020 wapiga kura wakapitisha Pendekezo 208: mtu mmoja ambaye kipato chake kinazidi dola 250,000 kwa mwaka, au wanandoa wanaozidi 500,000, wangelipa asilimia 3.5 ya ziada kwenye kile kilichozidi, na pesa hizo zingekwenda shuleni. Huo ulikuwa uchaguzi wangu wa kwanza maishani. Pendekezo lilipita kwa asilimia isiyofika 52, kwa hiyo siwezi kudai kwamba jimbo zima lilikuwa upande wetu.

Miezi minane haikutimia. Tarehe 30 Juni 2021 gavana akatia sahihi bajeti iliyokuja na sheria iitwayo SB 1828. Kodi ya mapato ya jimbo ilikuwa na ngazi nne, kuanzia asilimia 2.59 hadi 4.5, sasa ingeshushwa hatua kwa hatua hadi iwe asilimia 2.5 kwa kila mtu, awe mfagizi awe mmiliki wa kampuni. Sheria nyingine ikaweka dari, ili tajiri hata akiongezewa ile ya 208 asivuke asilimia 4.5. Makadirio yalikuwa kwamba hazina ya jimbo ingepoteza karibu dola bilioni 2 kila mwaka mpango ukishakamilika, na katika hazina hiyo hakuna kinachokula sehemu kubwa kuliko shule.

Kuna jambo moja watu wengi hapa hawalijui, nami sikulijua mpaka nilipoelezwa. Bunge la Arizona lina wabunge 60 na maseneta 30. Kupunguza kodi kunahitaji wingi wa kawaida tu: wabunge 31, maseneta 16, basi. Kuipandisha, tangu wapiga kura wapitishe Pendekezo 108 mwaka 1992, kunahitaji theluthi mbili: wabunge 40 na maseneta 20. Kodi ikishashuka, kuirudisha ni karibu na haiwezekani. Anayekwambia "tujaribu, tukiona haifai tutarekebisha" ama hajui hesabu hiyo, ama anaijua vizuri sana.

Lakini katiba ya jimbo, tangu Arizona iwe jimbo mwaka 1912, inawapa wananchi nafasi ya kusimamisha sheria. Ukikusanya sahihi zinazofikia asilimia 5 ya kura zilizopigwa katika uchaguzi wa gavana uliopita, ndani ya siku 90 tangu bunge lifunge kikao, sheria inalala hadi wapiga kura waamue. Kwa mwaka huo zilihitajika sahihi 118,823, na mwisho ulikuwa tarehe 28 Septemba. Muungano uliojiita Invest in Arizona, wenye chama cha walimu ndani yake, ukaanza kazi. Nami nikachukua karatasi.

Mwalimu mstaafu aliyetugawia karatasi hizo alikuwa na maelezo marefu na mazuri kuhusu bajeti ya jimbo. Kwa watu wetu hayakufika mbali. Nikawa naandika hesabu nyuma ya bahasha. Mtu mmoja anayesafisha vyumba hotelini, tuseme anapata dola 30,000 kwa mwaka. Toa kile kisichotozwa kodi, zinabaki kama 17,450. Kwa asilimia 2.59 alikuwa analipa dola 452. Kwa asilimia 2.5 atalipa 436. Amepona dola 16, mwaka mzima. Mwenye dola milioni moja zinazotozwa kodi, hata usipomhesabia ile ya 208, anapona zaidi ya dola 18,000. Baada ya hapo sihitaji hotuba. Nauliza tu hizo 16 zitamnunulia nini shule ikikosa nesi.

Mahali pazuri kuliko pote pa kufanya mazungumzo hayo ni kwenye mashine za kufulia za kulipia kwa sarafu. Maktaba ni nzuri, ina kivuli na baridi, lakini mtu wa maktaba anapita. Anayefua ameshaweka sarafu zake, nguo zinazunguka, na hana pa kwenda kwa nusu saa. Pale ndipo nilipokutana na mzee mmoja wa Uvira, mlinzi wa usiku, aliyenisikiliza hadi mwisho kisha akatikisa kichwa.

"Binti yangu, serikali ikinirudishia hata dola moja, mimi naipokea."

"Sawa baba. Unakumbuka minervali?"

Akacheka, lakini si kicheko cha furaha. Msomaji ambaye hakukulia Kongo nimweleze. Kwa miaka mingi serikali kule haikuwalipa walimu, au iliwalipa kitu kisichoweza kununua gunia la mihogo, na wazazi ndio waliobeba mshahara wa mwalimu kupitia ada ya kila mwezi. Usipolipa, jina la mtoto linasomwa asubuhi kwenye mstari, anatoka mbele ya wenzake, anarudi nyumbani na madaftari yake. Elimu ya msingi ya umma ilitangazwa kuwa bure mwaka 2019, na sisi tulikuwa tumeshaondoka. Mzee alinihesabia kwa vidole watoto wake waliofukuzwa minervali, na mwaka gani nani alirudia darasa.

"Sasa hawa Wazungu wanataka kuturudisha huko?"

Nikamwambia si kwa siku moja. Nikamtajia anayoyajua: orodha ya Agosti, pale shule inapomwomba mzazi alete karatasi za kuandikia, penseli, tishu, dawa ya kufutia meza. Nikamwambia pia kwamba hapa Arizona mtu anaweza kutoa hadi dola 200, wanandoa 400, kwa shughuli za ziada za shule ya umma aitakayo, kisha akakatiwa kiasi hicho chote kwenye kodi anayodaiwa na jimbo. Jambo jema, ila angalia linavyokwenda: mwenye kodi ndogo hana cha kukatiwa, kwa hiyo shule ya mtaa wenye nacho inapata bendi na safari, na ya kwetu inapata barua ya shukrani. Ada ya mlangoni si lazima iitwe ada. Mzee akasema lete hiyo karatasi, akavaa miwani, akaandika jina lake polepole kwa herufi kubwa.

Tangu siku hiyo sikuwafuata tena Wakongo kwa lugha ya kodi. Walimu wa kampeni walikuwa na kauli zao nzuri, lakini zilitungwa kwa mtu aliyezaliwa hapa, anayeona shule ya bure kama hewa. Sisi tunajua mlango wa shule unavyofungwa.

Karatasi yenyewe ni shughuli. Kila moja ina mistari 15 upande wa mbele, na maneno kamili ya sheria inayopingwa lazima yaambatane nayo wakati wote. Ukiibandua ili iwe nyepesi umeiua. Anayetia sahihi aandike mwenyewe jina, anuani ya anapolala na tarehe. Mume hawezi kumwandikia mke, hata mke akiwa amesimama pale pale na mtoto mgongoni. Watu wa kaunti mbili wasichanganywe kwenye karatasi moja, na Tucson ni Kaunti ya Pima lakini wateja wa Pinal wanafika hapa kila wikendi, kwa hiyo swali la kwanza baada ya salamu lilikuwa "unakaa kaunti gani?" Nyuma ya karatasi mkusanyaji anakula kiapo mbele ya mthibitishaji kwamba kila sahihi ilitiwa mbele yake. Ukiacha ubao wako kwa mwenzako uende chooni, kiapo hicho kimeshakuwa uongo. Mawakili wa upande wa pili wanazipitia karatasi moja moja wakitafuta tarehe iliyofutwa.

Na Julai ile, kwa bahati yetu, ikawa mwezi wenye mvua nyingi kuliko wote katika kumbukumbu za Tucson. Mji wa jangwani! Asubuhi jua linakuchoma hadi kalamu inakuwa ya moto mkononi, alasiri wingu jeusi linatokea milimani na dakika kumi baadaye barabara ni mto. Tulibeba karatasi kwenye mifuko ya plastiki ya kufungia nyama. Mama mmoja wa kwaya yetu aliwahi kuvua kitenge akafunika karatasi, akabaki yeye analowa.

Mama huyo hakuweza kutia sahihi hata moja. Alikuwa na grinikadi, yaani kibali cha kuishi hapa daima bila uraia. Mkimbizi akifika hapa anaomba grinikadi baada ya mwaka, na uraia kwa kawaida baada ya miaka mitano, halafu bado ajiandikishe kupiga kura. Asiyestahili kujiandikisha haruhusiwi kutia sahihi wala kuzunguka na karatasi. Hata aliyeapishwa juzi ana kazi. Arizona inadai uthibitisho wa uraia wakati wa kujiandikisha, na leseni uliyoipata kabla hujawa raia haikusaidii, ni lazima utoe uthibitisho mwingine, kama namba ya cheti chako cha uraia. Niliwakuta watu walioapa miaka mitatu nyuma, bendera ndogo bado iko juu ya televisheni, na hawajawahi kujiandikisha kwa sababu hakuna aliyewaambia ni hatua tofauti.

Basi akina mama wenye grinikadi wakajigawia kazi. Wengine walibaki na watoto wetu jioni. Wengine walikaanga mikate na sambusa, wakajaza kasha la barafu maji. Huyo wa kitenge ndiye aliyejua nani katika mji huu ameshakuwa raia, maana alikuwa amepika kwenye sherehe zao zote. Orodha iliyokuwa kichwani mwake ilitufaa kuliko ile ya kompyuta tuliyopewa na kampeni.

Niseme na hili, kwa sababu wengine hupenda kusimulia kampeni kama vile wananchi watupu walimshinda simba. Sahihi nyingi zilikusanywa na watu wanaolipwa, na pesa kubwa zilitoka kwa vyama vya walimu na mashirika ya elimu, mengine ya kitaifa. Sioni aibu. Siku 90, joto lile, jimbo kubwa kuliko Uganda: kujitolea peke yake hakutoshi. Ila mlipwaji hakai dakika arobaini akiongea minervali na mlinzi wa Uvira.

Wapinzani niliokutana nao hawakuwa watu wabaya wote. Fundi mmoja wa mabomba mwenye gari lake na vijana wawili alinieleza kwa adabu kwamba jimbo lina ziada ya pesa mwaka huo, ambayo ilikuwa kweli, na kwamba ziada ni ya wenyewe. Nikamjibu kwamba sehemu ya neema hiyo ilitoka Washington kwa ajili ya korona na ingekwisha, wakati punguzo halina mwisho. Hakukubali. Tukaagana vizuri. Sipotezi muda tena kumgeuza mtu wa namna hiyo; nasikiliza hoja yake ili nijue jirani yake atasema nini.

Tarehe 28 Septemba zikapelekwa sahihi 215,787. Zikakaguliwa, zikatosha kwa mbali, tukapewa na namba ya kura: Pendekezo 307. Nikadhani sasa kazi ni moja tu, kuwashawishi watu hadi Novemba 2022.

Kabla ya hapo ukaja msimu mwingine ambao haukupigiwa ngoma, na kwangu ndio uliokuwa na matunda. Kuna kikomo cha matumizi ya shule kilichowekwa katika katiba ya jimbo mwaka 1980. Mwaka huo wa masomo shule zilikuwa zimeshapewa pesa zao kihalali, lakini kikomo kilisema zisitumie zaidi ya kiasi fulani, na bunge lisipokiondoa kwa theluthi mbili kabla ya tarehe 1 Machi 2022, zingelazimika kukata zaidi ya dola bilioni moja katika miezi michache iliyobaki. Pesa zipo kwenye akaunti, na huruhusiwi kuzigusa.

Hapo hapakuhitajika sahihi. Ilihitajika simu, na kumpigia mbunge hakuulizwi uraia. Tulikaa kwenye ukumbi wa kanisa baada ya ibada, tukaandika sentensi nne za Kiingereza kwenye karatasi: jina langu ni fulani, nakaa mtaa fulani, mtoto wangu anasoma shule fulani, naomba upige kura ya kuondoa kikomo. Mama wa kitenge akapiga wa kwanza. Kijana aliyepokea akamwuliza kitu nje ya zile sentensi nne, naye akarudia ile ya tatu kwa sauti zaidi. Ukumbi mzima ukacheka, na yeye akacheka, lakini kijana akaandika. Bunge la chini lilipitisha katikati ya Februari, seneti tarehe 21, siku chache kabla ya mwisho. Simu zetu zilikuwa tone kati ya maelfu, na wakuu wa shule walipiga kelele zaidi yetu. Hata hivyo, walikuwamo watu waliozungumza na serikali kwa mara ya kwanza katika maisha yao bila kuombwa kitambulisho.

Kisha mapigo mawili ndani ya wiki sita. Machi jaji akaifuta 208 kwa sababu ya kikomo kile kile cha 1980: pesa ambazo ingeleta zingekivuka. Aprili 21 ikaja zamu ya 307. Katiba inayowapa wananchi haki ya kusimamisha sheria inaziacha nje sheria za kuendesha na kutunza idara za serikali. Mahakama ya kwanza, Desemba, ilikuwa imesema kodi haimo humo. Mahakama ya juu ya jimbo ikasema imo. Sahihi hazikuwa mbovu, hazikutakiwa. Nilipata habari kazini, wakati wa chakula cha watoto, na nikaendelea kufungua pakiti za maziwa.

Nimeulizwa mara nyingi kama hatukudanganywa na wakubwa wa kampeni. Sidhani. Mawakili wao walijua hatari hiyo ipo na waliamini wangeshinda, na jaji mmoja alikubaliana nao. Lakini sisi wa chini hatukuambiwa kwa sauti ya kutosha, na hilo linanikera mpaka leo. Mtu anayesimama juani ana haki ya kujua kwamba kazi yake inaweza kufutwa na mahakama. Angesimama hata hivyo, wengi wetu tungesimama, ila angechagua kwa macho wazi.

Kilichofuata kiko hadharani. Asilimia 2.5 ilianza kutumika 2023, mapema kuliko ilivyopangwa. Julai 2022 gavana alitia sahihi sheria ya kufungua vocha za kusomeshea watoto shule binafsi kwa kila mwanafunzi wa jimbo. Kufikia 2024 jimbo lililokuwa na ziada lilikuwa linatafuta namna ya kuziba pengo la zaidi ya dola bilioni moja. Yule fundi wa mabomba bado tunasalimiana. Hajabadili mawazo, na mimi sijabadili.

Binamu yangu yuko Kentucky. Kule kodi ya mapato imeshuka kutoka asilimia 5 hadi 3.5 mwaka huu wa 2026, na raia hawana njia ya kukusanya sahihi ili sheria ya namna hiyo ipelekwe kwenye kura. Nilipomweleza alinyamaza, akaniuliza basi wao wafanye nini. Nikamkumbusha kwamba Novemba 2024 jimbo lake lilipigia kura pesa za umma kwenda shule binafsi, na kaunti zote 120 zikakataa, hata zile ambazo kwa kawaida hazikubaliani na walimu kwa lolote. Watu wa kuzungumza nao wapo. Nikamwambia aende kwenye kikao cha bodi ya shule siku bajeti inaposomwa, aombe mkalimani mapema, na amchukue mama mmoja wa kanisani anayejua watu wote.

Amepewa dakika tatu za kuongea. Anataka kujua aanze na asilimia au na basi la shule ambalo siku hizi halifiki mtaani kwao. Nimemwambia aanze na basi.